Mgeni Asiyepewa Jembe

Wazee wetu walisema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usemi huo una hekima kwa binadamu, maana mgeni akaaye bila kazi huchoka mwenyewe na kuwachosha wenyeji wake. Lakini leo nakuletea habari za mgeni ambaye siku ya tatu hastahili hata kuguswa, sembuse kupewa jembe. Mgeni huyo ni nyoka.

Najua wapo watakaotaka kuupindua ukurasa huu upesi. Nawaomba wastahimili kidogo. Katika nyumba zetu nyingi nyoka hupewa hukumu kabla ya kusikilizwa, na fimbo ndiyo hakimu. Mimi mwenyewe nimekuwa miongoni mwa mahakimu hao kwa miaka mingi, mpaka mwishoni mwa Septemba mwaka jana, nilipokwenda Miono kumjulia hali dada yangu.

Miono iko katika wilaya ya Bagamoyo, si mbali na msitu wa Zaraninge, ambao leo umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005. Ni nchi ya mahindi na mihogo, na ukiendelea upande wa Kiwangwa unakutana na mananasi yanayowafikia walaji wa Dar es Salaam. Siku ile shemeji yangu alikuwa akichoma mabua na majani makavu shambani, akijitayarisha kwa mvua za vuli. Moto ulipofika kwenye kichuguu kimoja, akatoka chatu mchanga ambaye urefu wake haukutimia mita moja, na mgongo wake umebabuka.

Vijana waliokuwa wakisaidia wakapiga kelele. Shemeji akainua jembe huku akisema, "Mwana wa nyoka ni nyoka." Mpwa wangu, ambaye yupo kidato cha pili katika shule moja mjini Bagamoyo na alikuwa nyumbani kwa likizo fupi, akavua shati lake, akamfunika yule nyoka na kumwangukia kwa mikono miwili. Baba yake akalishusha jembe polepole, kwa kuwa hakuweza kulishusha kwa nguvu bila kumkata mwanawe.

"Baba, huyu ni chatu," mtoto akasema. "Hana sumu. Nitamfuga."

Jioni ile hapakuwa na amani katika nyumba ya dada yangu. Baba alisema nyoka hatalala chini ya paa lake. Mama alisema mtoto amerogwa. Mtoto alikaa kimya karibu na mfuko wa katani uliofungwa vizuri na kutiwa ndani ya tenga, kivulini. Mimi nikaulizwa niamue, kwa kuwa ndimi mjomba na ndimi niandikaye magazetini mambo ya nyumba za watu.

SHERIA KWANZA

Jambo la kwanza nililomwambia mpwa wangu ndilo ninalokuambia wewe msomaji. Nyoka aliyeokotwa porini hawi mali ya aliyemwokota. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inasema kwamba wanyamapori ni mali ya umma, na Rais amekabidhiwa kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Kumkamata, kumfuga, kumuuza au kumsafirisha mnyamapori bila kibali ni kosa. Tena chatu wa Afrika wamo katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa uitwao CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2016 Serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nchi za nje, na miongoni mwa waliokuwa wakisafirishwa kwa ajili ya wafugaji wa Ulaya na Marekani walikuwamo nyoka.

Kwa hiyo tulipiga simu kwa afisa wanyamapori. Akatuambia tusimfungue, tusimlishe, tusimmwagie maji, na tumweke mahali pasipo jua wala watoto. Asubuhi ya pili alifika akiwa na mzee mmoja ambaye ni mtunzaji katika bustani ya nyoka yenye leseni, kando ya barabara iendayo Bagamoyo. Wakaandikishana, na nyoka akachukuliwa akatibiwe huko. Mpwa wangu alilia. Mzee yule akamtazama, akasema, "Shule yako ipo Bagamoyo. Jumamosi njoo umtazame. Lakini kutazama kuna kazi yake."

Tangu siku hiyo nilikwenda naye mara kadhaa, na haya niliyojifunza huko ndiyo ninayotaka uyajue. Yatamfaa mwenye kibali cha kufuga, yatamfaa kijana atafutaye kazi katika bustani za wanyama, na yatamfaa mzazi ambaye mwanawe anapenda viumbe kuliko anavyopenda amani ya nyumba.

NYUMBA YA MGENI

Usidhani kwamba kufuga nyoka ni mambo mageni yaliyoletwa na watalii. Katika nchi ya Wasukuma kipo chama cha kale cha Wayeye, waganga na wawindaji wa nyoka, na mpaka leo wapo wacheza ngoma wanaoingia uwanjani na chatu. Liwale na Newala waliishi na C. J. P. Ionides, Mwingereza aliyekuwa bwana nyama, ambaye watu walimwita Bwana Nyoka, na ambaye alifariki mwaka 1968. Watamu, huko Kenya, lipo shamba la nyoka la Bio-Ken, lililoanzishwa na James Ashe mwaka 1980. Wote hao walijua kwamba nyoka hafugwi kwa ushujaa, bali kwa utaratibu.

Kabla mgeni hajafika, nyumba yake iwe tayari. Kwa chatu mchanga lilitumika sanduku la mbao la urefu wa sentimita 90 hivi, lenye kioo mbele, matundu madogo ya hewa ubavuni, na kufuli. Kufuli si pambo. Nyoka hana mikono, lakini akipata upenyo wa kupitisha kichwa, mwili hufuata.

Sakafuni palitandikwa karatasi za gazeti. Mzee alinionyesha kwa furaha kwamba lilikuwa gazeti la Jumapili. Sikukasirika, kwa sababu ana hoja. Karatasi ni safi, hutupwa ikichafuka, huonyesha upesi choo, damu au wadudu, na haingii katika kidonda kama mchanga uingiavyo.

Ndani ya sanduku ziliwekwa pango mbili, yaani vipande viwili vya chungu kilichovunjika, kimoja upande wa joto na kingine upande wa baridi. Pango liwe dogo, nyoka aguswe na kuta zake pande zote, kwa maana kwake kubanwa ndiko kusalimika. Ukimpa pango moja tu utamlazimisha achague baina ya joto na usalama, na aghalabu atachagua usalama, kisha augue kwa baridi.

Hapa inafaa kueleza habari ya joto. Mwili wa nyoka hautengenezi joto la kutosha kama wetu, bali huazima joto la mahali alipo. Asipopata joto, chakula hakisagiki tumboni na maradhi humshinda. Upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi 31 au 32 za sentigredi, na wa pili nyuzi 25 au 26, ili achague mwenyewe. Pwani yetu ina joto, lakini usiku wa Juni na Julai hupoa. Balbu ikitumika, iwekewe wavu asiifikie, maana nyoka huungua kabla ya kutambua kwamba anaungua. Umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa yatosha kwa saa kadhaa. Usikisie joto kwa kiganja. Weka vipimajoto viwili, kila upande kimoja. Na kamwe usiweke sanduku la kioo juani. Kwa muda mfupi tu utamkuta mgeni wako amekufa.

Mwisho ni bakuli zito la maji, lisilopinduka, na maji yabadilishwe kila siku.

JUMA LA KWANZA

Siku alipoingia, nyoka alipimwa uzito, akaonekana ana gramu 310. Kidonda chake kilisafishwa na daktari wa mifugo, akapakwa dawa aliyoandikiwa. Kisha kioo kikafunikwa kanga, na mzee akatoa amri kwamba kwa siku saba, isipokuwa wakati wa dawa na wa kubadilisha maji, hakuna wa kumgusa, kumgongea kioo wala kumletea wageni.

Mpwa wangu aliona ni ukatili. "Mjomba," alininong'oneza, "atajuaje kwamba tunampenda?"

Hapa ndipo wafugaji wengi wapya wanapokosea, na ndipo nyoka wengi wanapokufa. Mbwa akifika nyumbani hutaka kupapaswa. Nyoka hataki. Kwake kiumbe kikubwa kinachomnyanyua ni adui anayemla. Mtoto anapomtoa sandukuni mara kumi kwa siku ili awaonyeshe wenzake, nyoka anaona ameponea kuliwa mara kumi. Hofu hiyo humfunga tumbo. Akikataa kula, mwenye nyumba huongeza kumshika ili amzoeze, na kumshika huzidisha kukataa. Upendo wake wa kwanza kwako ni kuachwa.

Kama kuna nyoka wengine, mgeni akae chumba cha peke yake kwa siku 60 hadi 90, na ahudumiwe mwisho, baada ya wenyeji. Nyoka wa porini huja na kupe, utitiri na minyoo, na utitiri ukiingia katika banda moja huhamia la pili usiku uo huo.

CHAKULA, NA JUMAMOSI TATU

Siku ya nane, jioni, aliletewa panya mdogo, unene wake usiozidi sehemu nene ya mwili wa nyoka. Panya alikuwa amekwisha kufa. Watu hupenda kutupa panya hai ili waone mapambano, lakini panya ana meno, na nyoka asiye na njaa huumwa mpaka mfupa. Panya hupelekwa kwa koleo refu, si kwa vidole.

Tena nakuonya, msomaji, usimpe kamwe panya uliyemwokota mtaani. Katika miji yetu panya wengi wamekula sumu, na sumu ile humuua na ammezaye. Watunzaji huzalisha panya wao wenyewe.

Chatu wetu hakula. Tukangoja juma zima. Siku ya kumi na tano akaletewa tena, akakataa, na uzito ukawa gramu 298. Mzee hakufadhaika. Alisema kwamba chatu mwenye afya huweza kukaa majuma mengi bila chakula, na kwamba la kuogopwa ni uzito kupungua kwa sehemu ya kumi. Hata hivyo niliona alitazama mizani mara mbili.

Jumamosi ya tatu mpwa wangu alikatazwa kufunua kanga, kwa hiyo alikaa chini, akaegemeza kiganja chake juu ya sanduku. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akauliza, "Mzee, mbona sanduku linatetemeka?"

Mzee akaweka kiganja chake. Kweli, lilikuwa linatetemeka, kidogo sana. Nyuma ya ukuta ule jirani alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, nayo ilifanya kazi kutwa. Sisi tuliokuwa na masikio tulikuwa tumekwisha kuizoea sauti yake, hatukuisikia tena. Lakini nyoka hana masikio ya nje. Husikia kwa mtikisiko wa ardhi, unaopita katika taya lake. Majuma mawili mgeni yule alikuwa amelala juu ya tetemeko.

Mzee hakuona haya kufundishwa na mtoto. Alilihamisha sanduku saa ile ile mpaka chumba cha mwisho cha bustani, akasema, "Leo umetazama." Basi kama una nyoka nyumbani, sanduku lisikae karibu na kinu, redio, mashine ya kushonea wala mlango unaobamizwa.

Siku nne baadaye macho ya nyoka yalifanya ukungu wa rangi ya maziwa na buluu. Hiyo ni dalili ya kujivua gamba. Wakati huo haoni vizuri, hukasirika upesi na hali. Macho hurudi kung'aa, na baada ya siku chache gamba hutoka. Likitoka zima kama soksi, pamoja na vifuniko vya macho, ni dalili ya afya. Likitoka vipande vipande, mahali pake ni pakavu mno au nyoka ni mgonjwa. Usimbandue kwa kucha. Mweke katika mfuko wa kitambaa chenye unyevu kwa muda, gamba litalainika. Gamba la chatu wetu lilitoka zima, isipokuwa penye kidonda, ambapo lilichanika. Na chini yake ngozi mpya ilikuwa imeanza kufunga.

Siku ya ishirini na tisa alikula. Hatukuona. Panya aliwekwa jioni karibu na pango, na asubuhi hakuwapo. Mpwa wangu alipopewa habari kwa simu, alipiga kelele mpaka mwalimu wake wa zamu akatoka nje.

Baada ya kula asishikwe kwa saa 48, la sivyo atatapika, na kutapika kunamdhoofisha kuliko njaa. Chatu mchanga hulishwa kila baada ya siku saba hadi kumi. Mkubwa huweza kukaa majuma kadhaa. Unene si afya.

DALILI ZA UGONJWA

Nyoka haugui kwa kelele. Lazima umsome. Akipumua kinywa wazi, au ukisikia mluzi, au ukaona makamasi, mapafu yameingiwa na baridi. Ufizi ukiwa mwekundu na kuwa na usaha kama jibini, kinywa kinaoza. Ukiona vitu vyeusi mfano wa punje za pilipili manga ndani ya maji, ni utitiri. Akiinua kichwa juu na kupoteza mwelekeo kama mlevi, ni maradhi ya mishipa ya fahamu. Katika yote hayo umwone daktari wa mifugo, wala usimpe dawa za kuku kwa kukisia. Weka daftari: tarehe, uzito, alichokula, choo, kujivua. Mzee alinionyesha daftari lake la miaka mingi. Hakuna hadithi ndani yake, ila yatosha kumjulisha daktari mambo ambayo nyoka hawezi kuyasema.

Na afya yako pia. Nyoka huweza kubeba vijidudu vya salmonela bila kuugua. Osha mikono kwa sabuni kila umgusapo yeye au sanduku lake, vyombo vyake visioshwe jikoni, na watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wagonjwa wakae mbali naye.

HATARI ISIYOFICHWA

Sitaki msomaji wangu aseme kwamba nilimdanganya. Chatu hana sumu, lakini huyu wa gramu 310 anaweza kukua akazidi mita 4, na kuishi zaidi ya miaka ishirini. Chatu azidiye mita 2 hashikwi na mtu mmoja, na hawekwi shingoni hata kwa picha. Koboko, swila, fira na kifutu si wa kufugwa nyumbani hata kidogo. Hata Ionides, aliyewakamata kwa maelfu, aligongwa mara kadhaa.

Usiamini kwamba unaweza kumtambua asiye na sumu kwa rangi. Mpwa wangu alibahatika kuwa sahihi. Baba yake, nyuma ya jembe lake, alikuwa na sababu ya kuogopa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kugongwa na nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na linakadiria kwamba kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo. Wengi wao ni wakulima na watoto wao. Mtu akigongwa, usimchanje, usimnyonye, usimfunge kamba. Mvue pete na bangili, mtulize, kiungo kilichoumwa kisitikisike, na umfikishe hospitali upesi. Swila akitema machoni, osha kwa maji mengi safi. Na ukimkuta nyoka nyumbani, waondoe watoto, funga mlango, uite wenye ujuzi. Hayo ni bora kuliko fimbo na bora kuliko shati.

Mwishoni mwa Novemba, mvua za vuli zilipokuwa zimeanza, maafisa waliamua kwamba chatu aliyepona arudishwe. Alikuwa na gramu 340. Tulikwenda sote, na shemeji yangu pia alikuja, ingawa alisimama nyuma yetu. Mfuko ulifunguliwa ukingoni mwa msitu. Nyoka alitoa ulimi mara mbili tatu, akaunusa upepo kwao, kisha akaingia chini ya majani bila kugeuka.

Niliogopa kwamba mtoto atalia tena. Hakulia. Aliuliza kama Jumamosi ijayo anaweza kurudi bustanini, kwa kuwa kuna nyoka mwingine ameletwa, na hakuna aliyepima kama sanduku lake linatetemeka.

Tuliporudi shambani nilimwona shemeji akizunguka kichuguu kile na fimbo, akigonga ardhi pande zote kabla ya kuanza kulima. Nikamwuliza afanyalo.

"Nabisha hodi," akanijibu.